Jangwa Si Tupu: Maneno Machache kwa Wapanda Milima Wanaoandika

Kuna insha moja imetuzidi siku hizi, na unaijua. Mwandishi anaamka saa kumi alfajiri, anafunga kamba za buti, anafika chini ya mlima mkavu, anatembea saa nne, anafika juu, anakuta ukimya, machozi yanamlenga, anagundua kwamba maisha ni safari. Picha inamwonyesha amekaa ukingoni, mgongo kwetu, bonde mbele yake. Chini ya picha kaandika: mandhari ya kukata pumzi. (Kwetu sisi aliyekatika pumzi anasubiri sanda, lakini tuyaache hayo.)

Zamani insha hizi zilikuwa za Wazungu, tukizisoma kwa Kiingereza na kuzicheka kidogo. Sasa zinaandikwa kwa Kiswahili, na nyingi zinatoka Oman, maana vijana wetu wanaofanya kazi Maskati wamegundua kwamba Ijumaa moja na gari la kukodi vinatosha kumfikisha mtu Jebel Shams. Sina ugomvi na kutembea. Mimi mwenyewe ni mtembeaji, na milima ile ya Hajar nimeipita mara nyingi kuliko inavyofaa magoti yangu. Ugomvi wangu ni na neno moja linalojirudia katika kila insha, wakati mwingine mara tatu katika ukurasa mmoja: tupu. Jangwa tupu. Milima mitupu. Bonde tupu. "Hapakuwa na kitu wala mtu."

Jamani, hapakuwa na mtu vipi, na wewe umepita katika njia aliyoikata mtu?

Chukua ile njia maarufu kuliko zote, inayoanzia kijiji cha Al Khitaym na kuzunguka ukingo wa bonde la An Nakhr mpaka As Sab. Watalii wanaiita matembezi ya roshani, na bonde lenyewe wanaliita Grand Canyon ya Arabuni, kana kwamba haliwezi kusimama bila kuazima jina Marekani. Njia yenyewe si ngumu. Inakwenda karibu sawasawa, ukuta wa mwamba upande mmoja na upande wa pili shimo la mamia ya mita. Kwenda na kurudi ni saa tatu au nne, ukipumzika na kupiga picha zako. Kila baada ya hatua kadhaa kuna milia ya rangi kwenye jiwe, njano, nyeupe na nyekundu, usije ukapotea.

Rangi ile ni ya juzi. Njia ni ya zamani, na haikukatwa kwa ajili ya macho yako. Iangalie vizuri. Upana wake unamtosha punda mwenye mzigo. Mahali mwamba ulipokatika, mtu amepanga mawe moja juu ya moja akaziba pengo, na mawe yale hayajasogea. Penye mteremko mkali njia inajikunja, kwa sababu aliyeichora alikuwa akifikiria mnyama aliyebeba shehena, si kijana mwenye chupa mbili za maji mgongoni. Hiyo ni kazi ya uhandisi. Ni maandishi pia, ukipenda, na msomaji wa fasihi ndiye hasa aliyepaswa kuyasoma.

Halafu unafika As Sab. Nyumba za mawe na udongo zimebanwa chini ya mwamba uliojitokeza kama paja la ukuta, na chini yake kuna matuta ya mashamba yaliyojengwa kwa ngazi mpaka kwenye ukingo kabisa wa bonde. Ukipanda zaidi, nyuma ya kijiji, kuna dimbwi la maji kivulini. Hapo ndipo siri yote ilipo: watu waliishi pale kwa sababu ya yale maji. Udongo wa matuta ulizuiwa kwa kuta za mawe ili mvua isiuchukue. Waliishi familia na familia, wakalima, wakafuga mbuzi, kisha miongo kadhaa iliyopita wakahama. Kijiji hakina watu leo, ni kweli. Lakini kutokuwa na watu leo na kuwa tupu ni mambo mawili. Nyumba ya marehemu bibi yako haina mtu pia. Jaribu kumwambia mama yako kwamba ni tupu.

Nimesoma insha sita kuhusu njia hii kwa Kiswahili. Mbili zinasema "magofu ya ajabu". Moja inasema kijiji kilinipa hisia za upweke wangu. Tatu hazikitaji kabisa, zimeishia kwenye picha ya ukingoni. Hakuna hata moja inayosema dimbwi liko wapi na lilifanya kazi gani.

Sasa, hili jicho limetoka wapi? Halikuanza na simu. Wasomaji wa blogu hii wanamjua Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyevuka Rub' al Khali mara mbili katika miaka ya 1940 na kuchapisha Arabian Sands mwaka 1959. Jina hilo la jangwa, Rub' al Khali, maana yake ni Robo Tupu. Ila Thesiger mwenyewe anatuambia kwamba Mabedui aliosafiri nao hawakuliita hivyo. Waliliita Mchanga tu. Kwao palikuwa na visima, na kila kisima kilikuwa na jina, ladha na wenyewe. Utupu ni neno la aliye nje ya ramani anayetazama ndani.

Na Thesiger, pamoja na kiburi chake chote cha kutaka jangwa libaki bila magari ili yeye apate kulifurahia, alifanya jambo moja ambalo waandishi wetu wameshindwa kulifanya. Aliwataja watu. Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha wamo katika kitabu kile kwa majina, wana njaa, wana utani, wanagombana naye kuhusu ngamia na unga. Baadaye mzee huyo alihamia Kenya akaishi miaka mingi Maralal, kwa Wasamburu, na huko nako aliandika majina. Sisi tumemwiga ubaya, ule wa kuliona jangwa kama hospitali ya roho ya mgeni, na wema tumeuacha barabarani. Katika insha zetu aliyekuonyesha njia ni "mwenyeji mmoja". Anayeuza mazulia ya manyoya ya mbuzi kando ya barabara ya Jebel Shams ni "mzee mwenye tabasamu". Hata zulia hatuambiwi lina rangi gani.

Msinielewe vibaya, silii kwa ajili ya Kiswahili safi kilichochafuliwa na wageni. Lugha yetu ina dhambi hiyo hiyo, tena ya zamani. Neno nyika tunalitumia kwa pori kavu, mahali pasipo kitu. Watu wa pwani waliwaita majirani zao wa bara Wanyika, watu wa porini, ilhali wale walikuwa na kaya zao, mashamba yao na misitu yao mitakatifu hatua chache kutoka Mombasa. Ikapita karne nzima na zaidi kabla Mijikenda hawajalizika jina lile na kuweka lao. Kwa hiyo Mswahili anapoandika "jangwa tupu" hahitaji kusingizia Waingereza peke yao. Kuna babu alimfundisha.

Lakini kuna babu mwingine, na huyu ndiye namtaka. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, masimulizi ya wasafiri wa hapa hapa, kwa maneno yao. Humo yumo Selim bin Abakari, Mngazija, aliyekwenda Urusi hadi Siberia mwaka 1896. Mtu huyo alipita nyika za kweli kweli, baridi ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kuisimulia, na hakupoteza muda kuuliza yeye ni nani ndani ya nafsi yake. Anasimulia watu wanakula nini, wanalala katika nyumba za namna gani, wanasafiri na mnyama gani. Wenzake wa misafara ya bara wanahesabu maji, chakula, hongo, jina la mwenye mji. Huo ndio utamaduni wetu wa kuandika safari, na ni mkavu, mdadisi, wenye adabu ya kumtaja mwenye mahali. Tumeuacha ili tuandike kama watu wanaouza mahema.

Nitaambiwa: bwana, hii ni ripoti ya matembezi ya siku moja, si tasnifu. Mtu kafanya kazi siku sita ofisini kwenye kiyoyozi, Ijumaa yake unataka aigeuze somo la historia? Nimeusikia huo utetezi, na una haki ndani yake. Uchovu ni uchovu. Anayetaka kupumzika apumzike, wala asiandike, hakuna aliyemlazimisha. Ila akishaandika na kutuletea sisi tusome, ameingia katika biashara ya maneno, na maneno yana madeni.

Deni la kwanza si hata la historia, ni la maji. Insha ya utupu haina nafasi ya kuzungumzia lita. Inaharibu hali ya ukimya. Matokeo yake msomaji wa Dar au Nairobi, aliyezoea joto lenye unyevu linalomtoa jasho likaonekana, anakwenda kule akidhani joto ni joto. Katika hewa kavu jasho linakauka kabla hujaliona, unapoteza maji huku shati likiwa kavu, na kiu inachelewa kukuambia. Lita tatu kwa siku ya matembezi si ushujaa, ni kiasi cha chini. Ni kwa nini watu wa kule wanatembea kati ya Oktoba na Aprili na kuwaachia mbuzi mwezi wa saba? Na ni kwa nini hakuna mwenyeji atakayelala katika mkondo mkavu wa wadi hata kama mbingu ni buluu? Kwa sababu mvua inaweza kunyesha mlimani usikokuona, na maji yakashuka bondeni kama ukuta. Mwandishi aliyeona "bonde tupu" hajaliona bonde. Aliyeona mkondo wa maji yasiyokuwepo kwa saa ile ndiye aliyeona, na msomaji wake atarudi nyumbani.

Deni la pili ni la damu. Njiani kutoka Nizwa kuna magofu ya Tanuf, na vijana wetu wanapiga picha pale kwa sababu kuta zile za udongo zinapendeza jua linapozama. Tanuf haikuchakaa kwa umri. Ililipuliwa na ndege za Uingereza katika vita vya Jebel Akhdar, miaka ya 1950, Sultani alipopigana na Imamu Ghalib bin Ali. Vijiji vya juu mlimani navyo vilipigwa mabomu, na Januari 1959 makomando wa Kiingereza waliupanda mlima usiku wakalimaliza jambo. Yaani mlima tunaoandika kwamba "tumeuteka", eti kwa buti mpya na chokoleti, ulitekwa kweli, na waliotekwa wana wajukuu wanaokuuzia chai. Kitenzi hicho kingetakiwa kimwashe mtu ulimi.

Na deni la tatu, ambalo ndilo linaniudhi kuliko yote kwa sababu ni la kwetu. Maskati kuna watu wanaongea Kiswahili sokoni, ofisini, kwenye misiba. Wengi familia zao zilitoka Unguja baada ya 1964, au zilirudi baada ya 1970 Sultan Qaboos alipowafungulia mlango Waomani waliokuwa nje. Kabla yao, kwa vizazi, watu walishuka kutoka vijiji vya bara la Oman wakapanda jahazi kuja kwetu, na tukawaita Wamanga. Tunalila jina lile mpaka leo: pilipili manga, komamanga. Makomamanga yenyewe yanalimwa Jebel Akhdar, kwenye matuta ya Saiq, pamoja na mawaridi yanayochumwa kuanzia mwisho wa Machi ili yatoe marashi, yale yale ambayo mrashi unayanyunyiza kwenye harusi na maulidi Lamu na Unguja. Mwandishi wa Kiswahili anasimama juu ya tuta la mawaridi, pua yake inajua harufu ile tangu utotoni, na anaandika kwamba yuko "mahali pageni kabisa, mwisho wa dunia".

Jokha Alharthi aliposhinda Man Booker International mwaka 2019 kwa Celestial Bodies, wengi wetu tulikisoma kitabu kwa furaha, na humu ndani tukajadili watumwa, ndoa, na biashara iliyounganisha pwani mbili. Tulijua kusoma basi. Kumbe wale wale waliosoma wakifungasha mkoba wa Ijumaa wanaacha kusoma mlangoni.

Mhariri wa blogu hii ananiambia anapokea insha za aina hii karibu kila mwezi, na anauliza azifanye nini. Mimi ningemrudishia kila mwandishi na maswali machache ya kizamani, ya akina Selim. Maji yalikuwa wapi? Nani aliweka yale mawe? Kijiji kinaitwaje na wenyewe, na walihamia wapi? Ulikunywa lita ngapi? Zulia lilikuwa na rangi gani, na ulilipa shilingi ngapi, au ulijadili bei mpaka ukaondoka? Kama hajui, Al Khitaym si mbali. Gari linafika, watu wapo, salamu wanaitikia, na ukikaa vya kutosha mpaka kahawa ya pili huenda akatokea mtu aliyewahi kupita njia ile akiwa mtoto nyuma ya punda. Insha ya mtu huyo ndiyo ninayoisubiri, hata ikija imejaa makosa ya tahajia.