Usizing'oe nyasi zako, zifufue

Hebu utazame ua wako. Je, kiangazi kimeacha mabaka ya udongo mtupu, kishonanguo kimesimama kando ya ukuta na ndago imechomoza kila mahali? Hauko peke yako. Nyumba nyingi jijini Nairobi huwa na sura hiyo mvua za vuli zinapokaribia. Hapo ndipo wengi hukata shauri la kung'oa kila kitu na kununua nyasi mpya, au kumwaga saruji. Njia hizo mbili hula pesa, na saruji huwanyima watoto mahali pa kuangukia bila kuchubuka magoti.

Kabla ya kufungua mkoba, jiulize magugu hayo yalipataje nafasi. Mara nyingi nyasi zilikuwa zimedhoofika kabla hayajaingia. Udongo umeshindiliwa na miguu na magurudumu, chakula chake kimekwisha, na kila anayekuja kufyeka huzikata hadi mchangani. Ukipanda nyasi mpya juu ya udongo ule ule, zitakufa vile vile.

Habari njema ni kwamba nyasi zilizoenea sana katika nyua za Nairobi ni za aina ya kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ni ngumu ajabu. Kule California, Marekani, watu huhangaika kuziondoa kama gugu! Shina lake hutambaa juu na chini ya udongo, na kila kifundo chaweza kutoa mizizi. Ikiwa nusu ya ua wako bado inazo, huna haja ya kununua nyingine.

Anza mwishoni mwa Septemba, ili mvua za Oktoba zikute kazi imekamilika. Kwanza, fyeka kwa awamu mbili, wiki moja au mbili kati yake, usizishtue nyasi kwa kuzikata zote mara moja.

Pili, mwagilia maji jioni, kisha ng'oa magugu asubuhi udongo ukiwa laini. Kishonanguo hung'oka kwa mkono kabla hakijatoa mbegu. Ndago ni mkaidi: ukivuta majani, vijitunguu vyake hubaki chini na kuchipuka tena. Chimba uvitoe, uvianike juani vikauke kabisa, wala usivitupe kwenye shimo la mboji. Rudia kila baada ya wiki mbili au tatu, kwani ndago haiishi kwa msimu mmoja. Usikimbilie dawa. Ile yenye glifoseti huua kila mmea wa kijani inaougusa, nyasi zako zikiwemo.

Tatu, upe udongo pumzi. Chukua jembe la meno, lidunge chini kiasi cha sentimita 10, ulitikise kidogo, kisha usogee sentimita 15 na kurudia. Wanaoishi kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wasiruke hatua hii, maana maji hutuama hapo. Baadaye tandaza samadi iliyooza vizuri, unene wa sentimita moja tu. Samadi mbichi huleta mbegu za magugu mapya.

Nne, ziba mabaka. Kata vipande vya shina la kikuyu kutoka pembeni mwa ua, vyenye vifundo vitatu au vinne. Vipande hivyo vizike katika mistari iliyoachana sentimita 15 hadi 20, ncha zikibaki nje, kisha ukanyage udongo kidogo. Chini ya mti wenye kivuli kizito usijisumbue. Kikuyu hupenda jua. Panda maua ya kivulini.

Vipande vikishika, baada ya mwezi hivi, nyunyiza mbolea ya CAN, gramu 20 kwa kila mita mraba, na umwagilie maji papo hapo ili isiunguze majani. Watoto wasicheze hapo mpaka nyasi zishikamane.

Mwisho, zungumza na anayekukatia nyasi. Mwambie aache urefu wa sentimita 4 hadi 5, na asiondoe zaidi ya thuluthi moja kwa mara moja. Nyasi ndefu kidogo hutia udongo kivuli, na mbegu za magugu hukosa mwanga wa kuchipukia. Ukilishika hilo, kufikia Krismasi mabaka mengi yatakuwa yameanza kufunika, nawe utakuwa umetumia jasho zaidi kuliko pesa.