Pazia na dirisha pia ni tiba hospitalini

Tunapolalamika kuhusu hospitali zetu, aghalabu hutaja ukosefu wa dawa, madaktari na mashine. Ni nadra kumsikia mtu akilalamikia dirisha, kiti au pazia. Wengi huviona vitu hivyo kuwa mapambo tu. Lakini yafaa ieleweke kwamba jinsi wadi inavyopangwa humsaidia mgonjwa kupona au humzidishia maumivu.

Kumbuka yaliyotokea mjini Bungoma mnamo Agosti 2013. Mama mmoja alijifungua sakafuni katika iliyokuwa Hospitali ya Wilaya ya Bungoma, kisha wauguzi wakamtukana na kumpiga. Miezi miwili tu kabla ya hapo, tarehe 1 Juni, serikali ilikuwa imeondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma, na akina mama wakamiminika huko. Mnamo Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki za mama huyo zilikiukwa, ikaagiza alipwe Sh2.5 milioni na aombwe radhi.

Waliotenda unyama huo walistahili lawama. Hata hivyo, jiulize, msomaji: wadi ambayo haina pazia, ambamo akina mama wawili hulala kitanda kimoja na jamaa hawana mahali pa kusimama, humfunza nini muuguzi aliyechoka? Humfunza kuona umati tu, asimwone mtu. Naye mama aliyeaibishwa mbele ya watu huenda akaamua kujifungulia nyumbani siku nyingine. Damu ikianza kumtoka kwa wingi huko, msaada utakuwa mbali.

Mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha mwaka 1984 uchunguzi kuhusu wagonjwa 46 waliopasuliwa kuondolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania. Nusu yao walilazwa katika vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na nusu wakawa wanatazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za kutuliza maumivu mara chache kuliko wenzao.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri pekee. Jirani zetu wa Rwanda walifungua hospitali ya Butaro mwaka 2011. Katika wadi zake, vitanda vimepangwa kando ya ukuta mfupi ulio katikati, ili kila mgonjwa atazame nje dirishani. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya volkano ya eneo hilo, na wenyeji ndio waliofanya kazi. Madirisha hayo makubwa pia hupitisha hewa, jambo linalopunguza hatari ya kuambukizana kifua kikuu.

Sasa tuje Kitale. Mji huo uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, karibu na Mlima Elgon, na usiku wake una baridi. Baridi hiyo ni hatari kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Tiba bora ni kifua cha mamake, ngozi kwa ngozi, utaratibu ulioanzishwa Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya sabini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza uanze mara tu mtoto anapozaliwa, na uendelee kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Lakini ni mama gani atakayekaa saa nane kwenye benchi lisilo na egemeo, kifua wazi, huku wageni wa wagonjwa wengine wakipita? Anahitaji kiti cha kuegemea, shuka la kumfunga mtoto, na pazia la kumsitiri. Bila vitu hivyo, ushauri wa daktari utabaki maneno matupu.

Utaniambia kwamba pesa hazitoshi hata kununulia dawa. Ni kweli kaunti zina mzigo. Lakini kugeuza kitanda kitazame dirisha hakuhitaji mkopo, na bei ya pazia hailingani kamwe na fidia ya mahakamani. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 28, inalinda heshima ya kila mtu, na heshima hiyo haiachwi langoni mwa hospitali.

Kwa hivyo, kaunti yako itakapoita wananchi kujadili bajeti ya afya, usiulize idadi ya vitanda pekee. Uliza mama atasitiriwa vipi, jamaa yake ataketi wapi, na muuguzi wa zamu ya usiku atapumzikia wapi. Tena uliza maswali hayo kabla ya msingi kuchimbwa, kwa sababu ukuta ukishasimama, kuubomoa ni gharama.