Houston: Kiwanja Rahisi Chenye Ila

Wengi wakisifu mji huhesabu ghorofa zake. Mimi huuliza kwanza: maji yake hupita wapi? Swali hilo ndilo lililoutesa mji wa Houston, mkubwa kuliko miji yote ya jimbo la Texas, Marekani.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1836 kando ya kijito cha Buffalo Bayou. Mwaka 1900 tufani iliivunja bandari jirani ya Galveston, ikaua watu wasiopungua 6,000. Mwaka 1901 mafuta yalifumka Spindletop, na mwaka 1914 ulifunguliwa mfereji wa kuingiza meli kubwa hadi Houston. Basi mji ulionona. Watu wake walikuwa kiasi cha 44,000 mwaka 1900. Hesabu ya 2020 ilipata zaidi ya 2,300,000. Kaunti nzima ya Mombasa ingeingia humo zaidi ya mara 5.

Siri ya ukuaji huo ni ardhi tambarare na uhuru wa kujenga. Sheria ya kutenga mitaa ya makao na ya viwanda ilikataliwa na wapiga kura mwaka 1948, 1962 na 1993. Sikatai kuwa lina faida: mtu wa kipato cha kadiri aliweza kupata nyumba. Lakini rahisi hutaka kuchunguzwa.

Baada ya mafuriko ya 1929 na 1935, serikali ilijenga mabwawa mawili upande wa magharibi, Addicks na Barker. Siku za kawaida huwa makavu. Serikali haikununua ardhi yote ambayo maji yangeifunika bwawa likijaa, na pale palipobaki pakajengwa mitaa. Agosti 2017 ikaja tufani Harvey, ikamwaga zaidi ya mita 1 ya mvua sehemu nyingi kwa siku chache. Maelfu ya nyumba zilifurika nyuma ya kuta za mabwawa, na wenyewe wengi wakasema hawakujua kuwa wanaishi ndani ya bwawa. Desemba 2019 mahakama iliamua kwamba serikali ina dhamana, kwani jambo lile liliweza kutabiriwa.

Mwaka ule Idi ya kuchinja iliangukia Septemba mosi, matope hayajakauka. Misikiti ya Houston ilifunguliwa ikawa makimbilio ya waliopoteza makao, Waislamu na wasio Waislamu. Wema huo Mungu aulipe. Lakini sadaka haiwi badala ya amana.

Waama, dini yetu yamtaka muuzaji aeleze ila ya mali yake kabla ya kupokea fedha. Akinyamaza, mnunuzi ana haki ya kurudisha. Kanzu hurudishwa, na mbuzi hurudishwa. Je, mtaa mzima uliokwisha kukaliwa na wazee na watoto, utarudishwa kwa nani?