Nani kawaambia homoni zinasafishwa?

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu alianguka mbele ya darasa la tisa akiwa na chaki mkononi. Hospitali walimpima wingi wa damu wakakuta 5, wakati mwanamke mzima asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Kisa chake ni hedhi inayokwenda siku kumi na zaidi kila mwezi, kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi. Uvimbe huo alikuwa akiujua, na alidhani anautibu. Kwenye mkoba wake tulikuta kikopo cha vidonge kisicho na jina la kiwanda wala tarehe, kimeandikwa "Husafisha homoni, huyeyusha uvimbe". Alikuwa amevitumia miezi saba, kwa mshahara huu wetu wa ualimu.

Nilipokishika kile kikopo nilimkumbuka shangazi yangu. Mimi nimezaliwa Katumba, kule Mpanda, Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia mwaka 1972. Nilirudi Burundi mwaka 2008 nikiwa tayari mwalimu. Katika miaka ya 1990 shangazi alianza kufura tumbo kama mwenye mimba ya miezi mitano, na mwaka ukapita hajajifungua. Majirani wakasema mimba imehamia mgongoni. Wengine wakasema amefungwa na mke mwenzake. Akapelekwa kwa waganga watatu, mbuzi wakaisha zizini, mpaka alipofikishwa hospitali viganja vimekuwa vyeupe kama karatasi. Daktari akamtoa uvimbe, na mfuko wa uzazi ukaenda nao.

Zamani tulidanganywa kwa jina la uchawi. Leo tunadanganywa kwa jina la sayansi. Mimi naona huu wa sasa ni mbaya zaidi, maana aliyesoma kidogo ndiye anayenaswa kwanza.

Hebu tuangalie sayansi yenyewe inasemaje. Estrojeni hutengenezwa hasa kwenye ovari, na kiasi fulani kwenye mafuta ya mwilini. Kazi yake kubwa ni kuamrisha ukuaji: matiti ya binti yakue, utando wa ndani wa kizazi unenepe kila mwezi. Ubongo unaipima wakati wote. Ikipanda, kwa siku nyingi za mwezi tezi iliyo chini ya ubongo hupunguza amri inazozituma kwenye ovari. Ikishuka, amri huongezwa.

Amri ya kukua ikishatolewa, lazima pawepo na wa kuifuta. Kazi hiyo hufanywa hasa na ini. Huichukua estrojeni na kuibandika oksijeni na haidrojeni kwenye nafasi maalumu za molekuli yake, ambazo wanakemia wamezipa namba. Ikibandikwa nafasi ya 2, hupatikana kitu chenye nguvu ndogo sana ya homoni. Ikibandikwa nafasi ya 16, kinachopatikana bado kina nguvu ya kuchochea tishu. Baadaye vyote hufungwa na kutolewa kwa mkojo na nyongo. Ini likichakaa, kwa mfano kwa pombe ya miaka mingi, hesabu hii huvurugika, na ndiyo maana baadhi ya wanaume wenye ini lililosinyaa huota matiti. Wanywaji wenzangu wa kijijini huwa hawapendi nikifika hapo.

Sasa hapo penye namba 2 na 16 ndipo wauza dawa walipopata mlango. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kemikali inayotokana na mboga za jamii ya kabichi inaweza kusogeza kazi ya ini kuelekea nafasi ya 2. Hilo ni kweli. Wakatumaini kwamba mwenye wingi wa aina ya 2 kuliko ya 16 atakingwa na saratani ya matiti. Tafiti kubwa zilizofuata, zilizowafuatilia wanawake kwa miaka, hazikuupa tumaini hilo nguvu. Lakini muuzaji aliishia kwenye ukurasa wa kwanza. Akatuletea "estrojeni nzuri" na "estrojeni mbaya", kama vile ni mapepo mawili yanayogombana tumboni, na yeye ndiye mwenye kuyatoa.

Na uvimbe wa kizazi je? Huo ni misuli ya kizazi iliyoota kupita kiasi, na ni nadra mno kuwa saratani. Estrojeni huziandaa seli zake ziisikie homoni nyingine, projesteroni, kisha zote mbili zikausukuma ukue. Isitoshe, uvimbe wenyewe unaweza kutengeneza estrojeni yake humo humo ndani. Kwa hiyo hata ungekuwa na dawa ya kuosha damu yote, bado hujafika jikoni kwake. Mwanamke akikoma hedhi, homoni zikishuka, mara nyingi husinyaa. Zipo dawa za hospitali zinazoshusha estrojeni na kuusinyaza kwa muda, lakini zikiachwa huwa unarudi, na hutolewa chini ya uangalizi.

Wala si ugonjwa wa wachache waliolaaniwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kwamba wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100, na weupe karibu 70, huwa wameshapata uvimbe huo wafikapo miaka 50. Wengi wao hawajui kama wanao, maana hauwasumbui. Anayevuja damu ndiye wa kuwahi.

Kuna wanaoniambia, mwalimu, vidonge vya mitishamba vina madhara gani? Nawajibu kwa habari ya DES, estrojeni ya kutengenezwa maabara. Kuanzia miaka ya 1940 wajawazito wengi wa Marekani walipewa, tena na madaktari waliosoma, wakiamini inazuia mimba kuharibika. Mwaka 1971 ikabainika kwamba baadhi ya mabinti waliokuwa matumboni wakati ule walipata saratani adimu ya uke. Hiyo ilikuwa dawa yenye jina na kipimo. Sisi tunameza ambacho hata aliyekifunga hatuna hakika naye.

Wenye mamlaka ya kukagua dawa naomba watembee standi za mabasi wasikilize vipaza sauti. Ila lawama nyingine ni yetu walimu. Mimi shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na sasa nafundisha biolojia kwa Kifaransa. Najua jinsi mtoto anavyoweza kukariri mzunguko wa hedhi, akapata alama zote, na asijue kwamba ile picha ya ubaoni ndiyo tumbo la mama yake. Hakuna mtihani unaomuuliza damu nyingi ni kiasi gani. Basi mimi nasema: ikizidi siku saba, au ukilazimika kubadilisha pedi au kitambaa kila baada ya saa moja kwa saa kadhaa, nenda kapimwe, na wingi wa damu upimwe siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata nililishika darasa la mwenzangu. Waliuliza ana nini, nikawaeleza kwa Kiswahili na Kirundi, kwa ruhusa yake. Mvulana mmoja akauliza kama na wanaume wanayo estrojeni. Nikamwambia wanayo, tena huitengeneza kutokana na homoni yao ya kiume. Darasa likacheka, kisha mikono ikaanza kunyooshwa, na kipindi cha dakika arobaini na tano kikala na cha hesabu.

Mwenzangu ameongezewa damu chupa mbili na anameza vidonge vya madini ya chuma. Anangoja tarehe ya upasuaji. Ameniuliza mara mbili kama zile fedha za kikopo zinaweza kurudishwa.