Redio ya Gari Kuukuu: Tuitoe kwa Akili, si kwa Plaisi

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Maana ya maneno hayo niliiona siku redio ya Probox ya baba yangu mdogo ilipong'olewa. Siandiki haya ili kumlaumu mtu, kwani hata mimi nina lawama yangu.

Magari mengi tunayoyaona hapa Kisii na Nyamira yalitumika kwanza huko Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na likishafika, milima yetu hulizeesha upesi. Gari hilo huja na redio yake ya kiwandani. Kumbe redio yenyewe ilitengenezewa Wajapani! Nyingi hushika FM kati ya megahezi 76 na 90 tu, ilhali stesheni za kwetu ziko kati ya 87.5 na 108. Redio ni nzima kabisa, ila haipandi hadi zilipo stesheni zetu nyingi. Ukizungusha kitufe, utasikia mvumo tu kama mvua juu ya mabati.

Baba mdogo hubeba ndizi kutoka Nyamira hadi soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Alitamani kusikiliza Egesa FM njiani, apate habari na matangazo kwa Ekegusii. Mimi ndimi niliyemwambia, "Baba mdogo, toa hiyo kuukuu, weka mpya." Akanisikiliza, kwa kuwa nyumbani mimi ndiye msomi. Fundi tuliyempata hakumaliza hata nusu saa. Alichomoa redio, akashika plaisi, akakata nyaya zote, kisha akaziunga kwa kubahatisha na kuzifunga tepu. Muziki ukalia, nasi tukashangilia.

Asubuhi gari halikuwaka. Betri ilikuwa imekwisha kabisa. Ndizi zilikuwa zimepakiwa tangu jioni, na wateja sokoni hawamngojei mtu. Baba mdogo aliniangalia, akasema tu, "Haya, msomi." Maneno hayo mawili yaliniuma kuliko kiboko.

Je, kosa lilikuwa wapi? Nyuma ya redio kuna waya unaoleta umeme kutoka kwa betri wakati wote, ili saa na stesheni zilizowekwa zisipotee. Kuna mwingine unaoleta umeme ufunguo ukizungushwa tu. Fundi aliunga yote kwenye ule wa kwanza. Basi redio haikulala. Ilikunywa umeme usiku kucha, na betri yenyewe ilikuwa imechoka.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, si lazima kila redio itolewe. Kuna kidude kidogo kinachounganishwa kati ya antena na redio, nacho huteremsha masafa. Kikiteremsha kwa 14, stesheni iliyo 102 husikika kwenye 88. Wapo wasemao kuwa sauti hukwaruza na namba hazilingani. Ni kweli, na anayetaka kuunganisha simu yake hatatosheka. Huyo na aitoe, lakini kwa utaratibu. Afungue kwanza waya hasi wa betri. Afungue skrubu badala ya kuvunja plastiki. Achomoe plagi bila kukata hata waya mmoja, kwani madukani kuna nyaya zenye plagi inayoingiana na ile ya gari. Redio kuukuu ahifadhi, maana atakayenunua gari kesho huenda akaitaka.

Pili, wanafunzi wenzangu, tuache kudharau ufundi eti ni kazi ya walioanguka mtihani. Mzee wa jua kali aliyeturekebishia gari baadaye alipima kila waya kwa taa ndogo kabla ya kuunga. Huo ndio umeme tunaoukariri katika Fizikia! Mimi niliyeukariri sikuukumbuka siku ulipohitajika, wala sikumwuliza yule fundi wa kwanza hata swali moja. Nilisimama tu nikingoja muziki.

Siku hizi Egesa inalia vizuri, na ndizi zinafika sokoni mapema. Baba mdogo bado huniomba ushauri, lakini siku hizi huongeza swali: "Umehakikisha?" Nami nisipokuwa na hakika, husema sijui, nikaenda kuuliza. Kuuliza si ujinga.