Miezi mitatu ya ziada

Mwezi uliopita niliitwa kwenye jengo moja la maduka mjini Meru, orofa ya pili, nikabomoe duka. Mpangaji, mama aliyekuwa akiuza nguo za harusi, alikuwa ameshahama. Kipande cha kwanza cha dari kilipoanguka kifudifudi, nikaona mgongoni mwandiko wangu mwenyewe kwa penseli: vipimo, na mshale wa kuonyesha upande wa mlango. Jipsamu ile niliipiga mimi, hata miaka mitatu haijaisha.

Mimi hutengeneza maduka kwa ndani, kuanzia Makutano hadi Embu mjini: alumini, vioo, kaunta, taa. Nikitengeneza nalipwa. Nikibomoa nalipwa. Mpangaji mpya akiingia nalipwa tena, mara nyingi kwa kurudisha kitu kilekile nilichokwisha kutupa. Kwa hivyo haya ninayoyasema yanapigana na tumbo langu.

Mama yule alitumia Sh180,000 kukitengeneza chumba kile, na mwenye jengo hakuchangia hata msumari. Kodi ilipomlemea, aliambiwa achague: aache kila kilichoshikana na ukuta, au alipe gharama ya kurudisha chumba kilivyokuwa. Akaacha. Nyuma ya kaunta nilikuta madeni ya wateja yameandikwa kwenye mbao, machache yamekatwa mstari. Kwenye msumari kulikuwa na gauni dogo jeupe la msichana wa kubeba maua, ndani ya nailoni, karatasi ya vipimo imebanwa kwa pini begani. Nililikunja nikampa askari wa mlangoni amtafute mwenyewe.

“Fundi, toa zote,” msimamizi akasema. Tukajaza pikapu mara mbili. Dereva alipoona kaunta ya mninga inapandishwa akaniuliza, “Baite, hata hii ni takataka?”

Maduka yakifungwa, magazeti hutaja majina makubwa. Supamaketi ya Nakumatt, iliyofikisha matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, iliporomoka hadi wadai wake wakapiga kura Januari 2020 ivunjwe. Uchumi nayo iliyumba, na Tuskys vilevile. Hayo tunayajua. Tusiyoyaona ni yaliyobaki orofa za juu. Embu niliwahi kugawanya sakafu iliyokuwa ya supamaketi kuwa vibanda vya mitumba na simu. Vigae vilikuwa na milia: vilivyokaa chini ya rafu vyeupe, vilivyokanyagwa vimefifia. Kabla hatujaanza kugawanya, kinyozi, mwenye duka la dawa na muuza chipsi wa juu walikuwa wameshakwenda, kwani wateja wao walikuwa wakipanda baada ya kununua unga na sukari chini. Kodi yao haikupunguzwa. Marekani wapangaji wenye sauti huandikiana kabisa na mwenye jengo kwamba duka kubwa likihama, kodi yao ishuke. Huku ukilitaja jambo hilo unaonekana mkorofi.

Lakini si kwamba hatuna sheria. Sura ya 301 ya sheria za Kenya, iliyopitishwa mwaka 1965, inamlinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Huyo hafukuzwi wala kuongezewa kodi kiholela. Hupewa notisi, na asiporidhika huenda kwa jopo la kodi za majengo ya biashara. Na jopo hilo lina uwezo wa kuamuru afidiwe ukarabati alioufanya kwa idhini ya mwenye jengo upangaji wake unapokatizwa. Fidia hiyo, nikiwauliza wapangaji ninaowafanyia kazi, ni habari mpya kwao.

Mawakili wa wenye majengo wanaijua vizuri. Ndiyo maana mikataba mingi ya maduka haya huwa ya miaka 5 na miezi 3. Miezi hiyo mitatu ndiyo inayomtoa mpangaji nje ya ulinzi wa sheria.

Wenye majengo nao wana lao, na nimeliona. Kuna wapangaji wanaotoboa kwa drili hadi kwenye bomba la maji, wanaovuta umeme kwa nyaya za aibu, halafu wanatoroka usiku na kodi ya miezi minne. Mkopo wa benki haungoji. Sawa. Hata hivyo, kubomoa dari nzima isiyo na kasoro hakulipi deni hilo.

Ningetaka kuona karatasi moja tu ikiambatishwa kwenye kila mkataba: orodha ya alichoweka mpangaji, bei yake, kiasi kinachopungua kila mwaka, na sahihi ya mwenye jengo kwamba aliridhia. Akihama, anayeingia amlipe kilichobaki, au mwenye jengo akate kwenye deni. Mimi nitapoteza kazi ya nyundo. Nitaishi.

Wiki iliyopita kijana wa kuuza simu alinionyesha kile chumba cha mama wa harusi. Anataka dari ya jipsamu, taa za kuzama, na kaunta. Nilipima, nikaandika, kisha nikamuuliza mkataba ni wa muda gani.

“Miaka mitano,” akasema, akitabasamu, “na wameniongezea miezi mitatu.”