Simbilisi Si Mwanasesere

Mwaka mmoja, wakati wa likizo ya Desemba, mjomba wa watoto wangu aliwasili Dar es Salaam kutoka Njombe akiwa na kikapu kilichofunikwa kwa kanga. Ndani yake mlikuwa na simbilisi wawili: dume wa rangi ya kahawia na jike mwenye mabaka meupe. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minane, aliwapokea kwa vigelegele. Sisi wazazi tulitafuta sanduku la mbao, tukatandika magazeti chini, tukawawekea pumba za mahindi kama tulivyozoea kuwapa kuku, pamoja na maji katika kopo. Tukadhani kwamba wajibu wetu umekwisha.

Mwezi haukupita. Yule dume akaanza kukataa chakula. Manyoya yakamsimama, akawa hataki kutembea, na aliposhikwa miguu ya nyuma alilia kwa uchungu. Siku ya nne tulimkuta amekufa. Binti yangu aliuliza swali moja tu: "Mama, mbona chakula kilikuwepo?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, nami nalitoa kwa faida ya kila mzazi ambaye mtoto wake amemwomba mnyama mdogo wa kufuga nyumbani.

Nilimpeleka yule jike kwa bwana mifugo. Alimtazama fizi, akampapasa magoti yaliyokuwa yamevimba, kisha akatamka neno moja: kiseyeye. Huo ni ugonjwa uleule uliowaua mabaharia wengi wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda wala mboga. Mbwa, paka, sungura na kuku hujitengenezea vitamini C mwilini mwao. Binadamu hawezi, na simbilisi naye hawezi. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1907, wakati wataalamu wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, walipowalisha simbilisi nafaka peke yake, wakaona kwamba wanapatwa na kiseyeye, na kwamba kabichi mbichi au maji ya ndimu huwakinga. Sisi nyumbani, bila ya kujua, tulikuwa tumeurudia mtihani ule kwa pumba zetu.

Huenda msomaji akauliza: mbona huko Njombe hawafi? Mnyama huyu asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako amefugwa kwa maelfu ya miaka. Katika nyanda zetu za juu kusini, familia nyingi humwacha atembee jikoni, naye huokota majani, maganda na mabaki ya mboga mchana kutwa. Akisikia joto huhamia pembeni, akiogopa hukimbilia uvunguni. Hapana anayemhesabia vitamini, wala hapana haja. Taabu huanza anapoletwa mjini na kufungiwa. Ukimfungia mnyama, ndugu msomaji, umejitwika kazi zote alizokuwa akijifanyia mwenyewe.

Kazi ya kwanza ni chakula. Sehemu kubwa ya mlo wake haina budi kuwa nyasi, mbichi na kavu, na ziwepo usiku na mchana. Meno ya simbilisi hayaachi kukua maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyasaga. Ukoka unafaa sana, ila usikatwe kando ya mtaro wa maji machafu wala mahali palipopuliziwa dawa. Juu ya nyasi, kila siku apewe mboga mbichi: kipande cha pilipili hoho, majani ya kabichi au sukuma wiki, na mara mojamoja kipande cha pera. Zote ni hazina ya vitamini C. Mboga zisipikwe, wala zisiachwe zikanyauka, kwani vitamini hiyo hupungua upesi. Pumba ziwe kiasi kidogo cha nyongeza tu. Asipewe kamwe majani ya nyanya, ya viazi mviringo wala ya parachichi, wala kisamvu kibichi, wala vitunguu. Vyote hivyo vina sumu kwake. Maji yabadilishwe kila siku, na yatiwe katika bakuli zito la udongo asiloweza kulipindua.

Kazi ya pili ni nyumba. Simbilisi wawili wanahitaji sakafu yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, wala isipungue. Sakafu iwe ya mbao, si ya wavu, maana wavu huwatia vidonda nyayoni. Pande zake ziwe na wavu wa matundu madogo, ili nyoka na panya wasipenye, na pawe na mfuniko dhidi ya paka. Ndani tandika maranda makavu kutoka kwa seremala, lakini hakikisha kwamba hayatokani na mbao zilizotiwa dawa. Ondoa sehemu zilizolowa kila siku, na ubadilishe yote mara moja au mbili kwa juma. Weka na boksi dogo lenye milango miwili, wapate mahali pa kujificha. Banda likikaa nje usiku, miguu yake isimamishwe ndani ya makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo. Siafu wakiingia, asubuhi hutakuta kitu.

Kazi ya tatu ni kuwakinga na joto. Hili latuhusu sana sisi wa pwani. Simbilisi huanza kutaabika joto likizidi nyuzi 27, na hapa Dar es Salaam, kati ya Desemba na Machi, mchana huwa zaidi ya nyuzi 30. Basi asikae chini ya bati lisilo na dari, wala kwenye baraza linalopigwa na jua. Mtafutie chumba kinachopitisha hewa, na mchana tundika gunia lililolowa upande mmoja wa banda. Ukimwona amejinyoosha, anahema upesi na kutokwa na udenda, mhamishie mara moja penye ubaridi, umpanguse masikio na nyayo kwa maji ya kawaida, si ya barafu, kisha umpeleke kwa mganga wa mifugo.

Kazi ya nne ni kumpa mwenzake. Simbilisi huishi kwa makundi, na akiwa peke yake hunyong'onyea. Asiwekwe pamoja na sungura, ambaye huweza kumjeruhi kwa teke na kumwambukiza ugonjwa wa mapafu. Majike wawili hupatana vizuri. Ukiweka dume na jike, jua kwamba mimba huchukua siku 59 hadi 72, na jike huweza kupata mimba nyingine saa chache tu baada ya kuzaa. Watoto wa kiume watengwe wanapotimiza majuma matatu. Asiye na mahali pa kuwaweka watoto hao asianze.

Hatimaye kuna mikono ya watoto wetu. Simbilisi akianguka kutoka kifuani mwa mtoto aliyesimama huweza kuvunjika mgongo. Mtoto aketi mkekani, mkono mmoja auweke chini ya kifua cha mnyama, na wa pili chini ya makalio. Anawe kabla na baada. Na anapougua, jirani akushaurije, usimpe dawa za kuku wala vidonge vya binadamu. Penisilini, ambayo imewaponya watu wengi, huweza kumwua simbilisi kwa kuharibu vijidudu vyema vya tumboni mwake.

Yule jike wetu alipona. Bwana mifugo aliagiza mapera, pilipili hoho na majani mabichi, na baada ya majuma mawili alikuwa akitembea na kupiga miluzi kila anaposikia mlango wa jikoni ukifunguliwa. Mjomba alituletea jike mwingine wa kumwondolea upweke. Tangu hapo tulipatana na binti yangu: asile chakula chake cha jioni kabla hajawapelekea wao chao. Kuna siku alisinzia, nami nikamwamsha. Baba yake aliona kwamba nazidisha ukali. Mimi sikuona hivyo, kwa kuwa simbilisi aliyetunzwa vema huweza kuishi miaka mitano hadi minane, na katika miaka yote hiyo hana njia ya kujitafutia jani moja asilopewa.

Mzazi anayetaka kumnunulia mtoto simbilisi na ajiulize kwanza kama nyumbani mwake mna mtu atakayekumbuka majani kila siku. Akiwa hayupo, mwanasesere atafaa zaidi.